Kabla ya Land Rover ya baba, kulikuwa na magari manne ya familia

Mwenye Land Rover ya zamani jijini Arusha akiulizwa aliipataje, mara nyingi haanzi na Land Rover. Anaanza na pikapu yake ya kwanza, ile iliyokuwa haiwaki mpaka isukumwe. Anapita kwenye Peugeot iliyommalizia mshahara, anaingia kwenye Corolla iliyosomesha watoto, na chai ikishapoa ndipo anafika kwenye gari lenyewe lililoegeshwa nje.

Msikilizaji asiyependa magari hudhani mzee anapoteza njia. Lakini mke wake akiwa karibu, atamsahihisha tarehe. Atasema pikapu haikuuzwa mwaka ule, iliuzwa mwaka mabati yalipoezekwa. Hapo ndipo inajulikana kwamba orodha ya magari ya baba ni orodha ya maisha ya nyumba nzima.

Kwingine duniani, gari la zamani ambalo mtu hulitamani tangu utotoni huwa ni gari la michezo, la milango miwili na kiti cha chini. Huku chini ya Mlima Meru magari hayo ni ya kuhesabu. Sababu ya kwanza ni barabara. Ukiiacha lami kuelekea Ngare Nanyuki au kupandisha mashamba ya Ilkiding'a, gari lililolala chini halifiki mbali. Sababu ya pili ni kodi. Gari linaloagizwa nje hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini, na nyongeza nyingine likiwa limezeeka. Kuagiza gari la miaka 50 kwa ajili ya mapenzi tu ni jambo la wachache sana.

Kwa hiyo gari la zamani linalopendwa Arusha ni lile ambalo halikuondoka. Ni Land Rover 109, ambayo watu wengi huitaja kwa namba zake tu, "wan o naini". Namba hiyo ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa inchi, kama sentimita 277. Ilibeba mabwana shamba, mapadri, wagonjwa, watalii na magunia ya kahawa. Wengi waliozaliwa miaka ya 1950 na 1960 waliiona kabla hawajajua kusoma.

Mmoja wao ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayeishi Tengeru. Majirani wanamwita Mwalimu, na mke wake, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 ameuza nyanya na ndizi katika soko la Tengeru, anamwita hivyo hivyo mbele ya wageni. Wana watoto watatu. Habari ya magari yao inafaa kusomwa na kila mzazi anayeweka picha ya gari kwenye simu huku ada ya muhula ikiwa bado haijalipwa.

Mtoto wa redio

Mwalimu alizaliwa mwaka 1957. Baba yake alikuwa kibarua katika shamba la kahawa upande wa Usa River, na Land Rover ya shamba ndiyo iliyokuwa gari la kwanza kumbeba. Alikaa nyuma, kwenye benchi la pembeni, akishika chuma kwa mikono miwili.

Lakini gari la ndoto zake halikuwa hilo. Wakati huo mbio za East African Safari, zilizokuwa zikifanyika kipindi cha Pasaka, zilipita Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell katika Peugeot 404. Watoto wa shule waliokuwa na jirani mwenye redio waliyajua majina hayo. Walipanga magari ya mabua ya mahindi na kila mmoja akawa Shankland.

Kisha ikaja Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili lenye boneti ndefu. Ilishinda mbio hizo mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwalimu alikuwa kijana wa miaka 16. Alikata picha ya gari hilo gazetini akaibandika kwa uji wa unga nyuma ya mlango. Mama yake aliibandua siku ya kupaka chokaa.

Alipoanza kazi ya ualimu mwaka 1980 hakukuwa na nafasi ya kuota gari lolote. Nchi ilikuwa imetoka vitani Kagera, fedha za kigeni zilikuwa hazipatikani na mafuta yalikuwa ya mgawo. Magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Mpaka na Kenya, uliofungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ulifunguliwa tena mwaka 1983, na kabla ya hapo spea iliyokuwa saa chache tu kutoka Arusha, kule Nairobi, ilikuwa kama iko ng'ambo ya bahari. Mwenye gari bovu aliliweka juu ya mawe akasubiri. Mwalimu alikuwa na baiskeli, na baiskeli ilimtosha.

Alioa mwaka 1982. Mkewe ndiye aliyeanza kuhitaji gari.

La kwanza: Datsun ya matenga

Nyanya hazisubiri. Zikivunwa Jumanne, ziwe sokoni Jumatano, kwa sababu siku kubwa za soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi. Mama alikuwa akilipia nafasi kwenye magari ya wengine, na mwenye gari akichelewa, tenga la chini linakuwa maji.

Kuanzia mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, pikapu zilianza kuonekana tena barabarani, na zile zilizochoka zikaanza kuuzwa kwa wenye kipato kidogo. Mwaka 1990 familia ikanunua Datsun 1200 pikapu, iliyokwisha kubadilishwa rangi mara mbili. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwenye nyanya. Mshahara wa mwalimu ulilipia kadi na matairi.

Mwalimu alifurahi kwa sababu yake mwenyewe. Ilikuwa Datsun. Haikuwa na boneti ndefu wala mlango wa michezo, lakini jina lililokuwa mbele lilikuwa lile lile la picha iliyobanduliwa na mama yake. Asubuhi aliiosha kabla ya kwenda shule. Mama alimwambia aache kuisugua rangi, iliyobaki ni ya kuzuia kutu.

Binti wa kwanza, aliyekuwa na miaka sita, anaikumbuka harufu yake: nyanya, petroli na gunia lililolowa. Ndiyo iliyompeleka zahanati usiku alipopandwa na homa, akiwa amelala mapajani kwa mama na kaka yake mdogo akiwa amebanwa katikati, mguu huku na huku wa lever ya gia.

Iliuzwa mwaka 1995. Nyumba ilikuwa imefika kwenye linta tangu miaka mitatu, na mvua za masika zilikuwa zinakula tofali. Datsun ikawa mabati. Mwalimu hakusema kitu siku mnunuzi alipoiondoa, lakini alitembea nayo hadi barabara kuu, mkono ukiwa juu ya bodi.

La pili: Peugeot iliyobeba kila mtu

Gari la pili lilikuwa Peugeot 504 ya stesheni wagoni, yenye safu tatu za viti. Ilinunuliwa miezi michache baadaye kwa bei ndogo, na bei ndogo ilikuwa na maana yake. Stata ilikuwa inachagua siku. Familia ilizoea kuiegesha kwenye mteremko, na watoto walijua kazi yao: mkubwa upande wa kulia, mdogo upande wa kushoto, na ikishika moto wanaruka ndani.

Peugeot ilibeba harusi za Poli na misiba ya Akheri. Ilibeba kwaya. Ilibeba mgomba mzima wa zawadi ukiwa juu ya paa. Katika miaka hiyo hakuna aliyeuliza gari la Mwalimu ni la nani, kwa sababu lilikuwa la ukoo. Mama alianza kuandika. Alichukua kaunta buku yake ya mauzo, akafungua kurasa za nyuma, akachora mistari: tarehe, safari, mafuta, nani kalipia. Mwisho wa mwaka alimwonyesha mumewe. Waliolipia walikuwa wachache kuliko vidole vya mkono mmoja.

Hakukuwa na ugomvi. Palikuwa na utaratibu mpya: msiba bure, mgonjwa bure, harusi wenye shughuli wanaweka mafuta. Baadhi ya ndugu walinuna kwa muda. Wazazi wengi vijana leo wanapambana na jambo hilo hilo kupitia makundi ya WhatsApp ya ukoo, na daftari bado ni dawa nzuri kuliko maneno.

Mwaka 2003 mama mzazi wa Mwalimu aliugua. Matibabu yalihitaji fedha kwa haraka, na kitu pekee kilichokuwa na mnunuzi wa haraka kilikuwa Peugeot. Iliondoka Ijumaa. Bibi aliishi miaka mingine minne. Kwenye kaunta buku, mstari wa Peugeot una neno moja upande wa kulia: "Bibi."

La tatu: Corolla ya mtumba

Kufikia wakati huo magari yaliyotumika kutoka Japani yalikuwa yamejaa, na Toyota Corolla ikawa gari la walimu, wauguzi na madereva teksi. Familia ilipata ya kwao mwaka 2004. Haikuwa na cha kusimuliwa. Iliwaka kila asubuhi. Lita moja ya petroli iliipeleka kilomita 12 au zaidi. Fundi aliizoea hata akaacha kuuliza ina tatizo gani, alibadilisha oili tu.

Mwalimu mwenyewe anakiri kwa wenzake kwamba hana hadithi ya Corolla. Lakini watoto wanayo. Ndiyo iliyompeleka binti shule ya bweni, sanduku la bati likiwa kwenye buti na godoro juu ya paa. Ndiyo aliyojifunzia kuendesha kaka yake, kwenye kiwanja cha mpira, mchana wa Jumapili. Kitinda mimba, aliyezaliwa mwaka 1999, alifanya humo hesabu zake za kwanza za kuzidisha, akisomewa na baba kutoka kiti cha mbele njiani kwenda shule.

Katika miaka hiyo ndoto ya zamani ilirudi kidogo. Mwaka 2003 zilikuwa zimeanzishwa mbio za magari ya zamani, East African Safari Classic, na katika baadhi ya miaka zilipita Arusha. Mwalimu alimchukua kitinda mimba wakaenda kusimama kando ya barabara ya vumbi. Zikapita Porsche 911, zikapita Ford Escort. Kisha ikapita Datsun 240Z, boneti ndefu, taa kubwa mbele. Mtoto alimwona baba yake akinyamaza. Alimuuliza kama hilo ndilo gari la nyuma ya mlango. Alikuwa amesikia hadithi.

"Ndilo," baba akajibu. "Lile huwa linapita. Halikai."

Tangu siku hiyo Mwalimu hakuongea tena juu ya 240Z kama gari la kununua. Alianza kuzitazama Land Rover.

Corolla iliuzwa mwaka 2012. Kijana wa pili alikuwa chuo kikuu, mkopo aliopata haukutosheleza, na ilibaki ada ya mwaka mmoja. Mama aliandika: "Chuo."

La nne: Noah yenye matairi mawili ya mama

Miaka miwili walipanda vifodi kama wengine. Mama aliendelea na biashara, akaongeza ndizi na parachichi, na mwaka 2014 wakanunua Toyota Noah. Viti vya nyuma vikikunjwa vinaingia matenga na mikungu. Jumapili vinafunguliwa na familia inaenda kanisani. Ilikuwa gari la kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya mama.

Mwalimu alistaafu mwaka 2017. Katika bajeti ya mwaka huo serikali ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya magari na kusamehe madeni ya nyuma, ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Kwa wenye magari yaliyolala juu ya mawe, hiyo ilikuwa habari kubwa. Gari lililosimama miaka kumi lilikuwa linadaiwa ada ya miaka kumi, na deni hilo liliwafanya wengi waliache lioze. Baada ya msamaha, mzee mmoja wa Maji ya Chai alitangaza anauza 109 yake iliyosimama chini ya mparachichi. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Mwalimu alikwenda kuitazama. Bodi ilikuwa nzima, kwa kuwa bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza, na kiwanda kilipoitambulisha Land Rover ya kwanza mwaka 1948 kiliijenga kwa aluminiamu iliyokuwa ikipatikana. Kinachooza ni chesisi, ambayo ni ya chuma. Alilala chini, akaigonga kwa nyundo ndogo mwanzo hadi mwisho. Ililia vizuri isipokuwa sehemu mbili za nyuma.

Kiinua mgongo kilikuwa hakijatoka. Kulikuwa na njia moja ya haraka: kuuza Noah.

Alilisema usiku, baada ya chakula, kitinda mimba akiwa bado mezani na vitabu vyake. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyeandaa somo. Bei ni nzuri. Nafasi hii haitarudi. Noah itapungua thamani, Land Rover itapanda. Matenga yataingia humo humo.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akaenda chumbani, akarudi na kaunta buku, akaifungua kurasa za nyuma.

"Mwalimu, hebu nisomee," akamwambia.

Akasoma. Datsun, mabati. Peugeot, Bibi. Corolla, chuo. Kwenye Noah upande wa kulia palikuwa patupu.

"Noah ina matairi manne," mama akasema. "Mawili ni yangu. Sijakataa gari lako. Nimekataa kwamba nyumba hii iuze gari kwa ajili ya gari. Hatujawahi. Huyu hapa bado hajamaliza," akamwonyesha kijana aliyekuwa mezani, "na wewe unataka tuandike nini hapa?"

Mwalimu hakujibu usiku ule. Siku tatu alikuwa mkimya. Kitinda mimba anasimulia kwamba siku hizo tatu ndizo zilizomtisha kuliko kitu chochote katika malezi yake, kwa kuwa aliona kwamba gari linaweza kuingia kati ya watu wawili waliopendana miaka 35. Alikaribia kwenda kwa baba yake na kumwambia atasubiri mwaka mmoja kabla ya kwenda chuo.

Hakuhitaji kwenda. Siku ya nne Mwalimu aliomba kaunta buku, akaandika chini ya Noah kwa mwandiko wake wa ubaoni: kwanza chuo cha kitinda mimba, pili paa la jiko, tatu 109, na fedha yake itoke kwenye sehemu ya kiinua mgongo itakayobaki, si kwenye mtaji wa soko. Wote wawili wakaweka sahihi.

Kisha akapanda kifodi hadi Maji ya Chai akamweleza mzee mwenzake ukweli. Wakashikana mikono. Land Rover ilisubiri miaka minne na kuku wake.

Si kila nyumba inaishia hivyo

Upande wa Njiro kuna familia ambayo majirani wanaijua kwa habari tofauti. Baba alikuwa na hamu ile ile, na hamu si kosa. Aliuza Vitz ambayo mke alikuwa akiendea kazini, bila kumwambia, akaleta Land Rover ya TDI aliyoipata kwa mtu wa kati. Ilikuwa inang'aa. Alipotaka kubadilisha umiliki, namba ya chesisi ikawa hailingani na ya kwenye kadi. Gari likabaki uani bila kutembea, na mama akawa anaamka saa kumi na moja kuwahi daladala, anapita pembeni ya hilo gari kila asubuhi.

Waliokaa na wanandoa hao kuwasuluhisha wanasema mama hakulalamikia fedha kwanza. Alilalamikia kwamba aliambiwa na fundi wa gereji. Mume alikuwa ameshirikisha marafiki, dalali na fundi, na yeye alikuwa wa mwisho kujua.

Mafundi wa Unga Limited na Kilombero wanaotengeneza magari haya huwaambia wateja mambo machache, na yote yanaihusu familia kabla ya kulihusu gari. Kadi isomwe pamoja na namba iliyopigwa kwenye chesisi na kwenye injini, kabla fedha haijatoka mkononi. Chesisi igongwe yote, rangi isimdanganye mtu. Mafuta yahesabiwe: 109 yenye injini ya petroli ya lita 2.25 inaweza kwenda kilomita tano au sita tu kwa lita, kwa hiyo si gari la kuwapeleka watoto shule kila siku.

Na la watoto lisemwe wazi. Mabenchi ya pembeni ya nyuma katika Land Rover nyingi za zamani hayana mikanda. Wazazi waliokulia humo huyapenda, lakini barabara ya Moshi ya leo si ile ya mwaka 1965. Mtoto akae kwenye kiti kinachotazama mbele, chenye mkanda uliofungwa na fundi anayejua pa kuushikiza, au abaki kwenye gari lingine la nyumbani.

Hilo nalo ni jibu kwa wanaouliza kwa nini gari la zamani lisiwe gari pekee. Mwenye gari la mapenzi anahitaji gari la kazi. Akiliuza la kazi, la mapenzi linageuka kuwa la kazi, na mapenzi yanaisha gereji ndani ya mwaka.

Mwaka 109 ilipofika

Kitinda mimba alimaliza chuo mwaka 2021. Paa la jiko lilikuwa limeshaezekwa. Mwalimu na mkewe walienda pamoja Maji ya Chai na Noah, wakiwa na kamba ya kuvutia na chakula kwenye hotpoti. Mzee mwenye gari hakupandisha bei. Alichoomba ni kupelekwa mpaka barabarani akiwa kwenye kiti cha dereva, akishika usukani wakati gari linavutwa. Walimruhusu, na kuku wakahamishiwa kwenye tenga.

Kulitengeneza kulichukua miaka miwili, taratibu, kwa kadiri fedha ilivyopatikana. Chesisi ilichomelewa mahali pawili. Springi za nyuma zilibadilishwa. Binti wa kwanza, ambaye sasa ni muuguzi na ana watoto wake, alilipia matairi matano bila kuombwa. Kaka yake alileta kabureta. Walipoulizwa sababu, binti alisema tu kwamba baba alishawauzia magari matatu.

Sentensi hiyo ilimshtua Mwalimu. Kwa miaka yote alidhani watoto hawakujua. Datsun ilipoondoka binti alikuwa na miaka 11, na hakuna aliyemweleza kwamba bati linalolia mvua ikinyesha lilikuwa pikapu. Alilijumlisha mwenyewe. Watoto huyajumlisha mambo ya nyumbani mapema kuliko wazazi wanavyofikiri, na huyajumlisha hata pale ambapo jumla yake ni chungu, kama kule Njiro.

Oktoba 2024 Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover, magari yalitoka pande nyingi za nchi na nchi jirani. Waandaaji walitaka kuipita rekodi ya Ujerumani ya mwaka 2018, ambapo Land Rover 632 zilitembea katika msafara mmoja. Barabara ilijaa One Ten, Defender, za shamba, za watalii na za kanisa. 109 ya Tengeru ilikuwa humo, Mwalimu kwenye usukani na mama pembeni yake, kilemba kikiwa kimefungwa vizuri kwa ajili ya upepo. Mafuta ya siku hiyo yaliandikwa kwenye kaunta buku kwa jina la wote wawili.

Noah ilibaki nyumbani, kwa sababu kesho yake kulikuwa na mzigo.

Sasa ni zamu ya kitinda mimba. Ameajiriwa na anatafuta gari lake la kwanza. Kwenye simu yake amehifadhi Altezza moja ya rangi ya fedha, iliyoshushwa chini, yenye rimu pana na sauti ambayo majirani wataijua. Kwa kijana wa umri wake hilo ndilo gari la michezo linaloweza kufikiwa. Baba alilitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotegemewa, akauliza habari za injini, akairudisha simu huku akitabasamu. Alimwambia lipo jema ndani ya kuanza na gari dogo lisilo na hadithi, kwa kuwa hadithi zitakuja zenyewe.

Mama naye aliomba kuiona hiyo picha. Akaikuza kwa vidole viwili, akatazama buti.

"Linaingia matenga mangapi?" akauliza.

Kijana alicheka. Lakini jioni ile aliomba daftari jipya.